Kukwama, Kusimama na Kusimamishwa: Lugha ya Kutegemeka kwa Mitambo ya Burudani na Somo Lake kwa Mwanafunzi wa Muhuru Bay

Utangulizi

Katika mji wa Muhuru Bay, kaunti ya Migori, hakuna rolakosta. Kuna ziwa, kuna mashua za mbao zenye injini za kufungwa nyuma, kuna omena walioanikwa juani, na kusini kidogo kuna mpaka wa Tanzania ambako samaki huyo huyo huitwa dagaa. Hata neno merigoraundi, ambalo asili yake ni jina la farasi wa mbao wanaozungushwa na mashine ili kuwafurahisha watoto, wachuuzi wa samaki nchini Kenya wanalijua zaidi kama chama cha kuchangiana fedha kwa zamu: leo hupokea huyu, wiki ijayo hupokea yule, hadi duara likamilike. Jina la chombo cha mchezo limegeuka kuwa jina la mkataba wa kuaminiana.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza namna Kiswahili kinavyouzungumzia mtambo ambao binadamu huukabidhi uhai wake: unapotegemeka, unapokwama, na hata unapokuwa bado ni tetesi tu. Mifano mingi imetokana na rolakosta. Sababu ni kwamba mtambo huu ni mgeni kwa msomaji wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na jambo geni humlazimu mtu kuyatazama upya maneno ambayo ameyazoea mno. Aidha, habari za mitambo hii huandikwa kwa undani na kwa tarehe, hivyo inawezekana kulinganisha kilichosemwa na kilichotokea. Hoja inayotetewa ni kwamba mnyambuliko wa kitenzi, ambao mwanafunzi wa shule ya upili huufundishwa kama jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani wa KCSE, ndio unaoamua nani atajwe na nani afichwe mtambo unapoleta madhara.

Chombo na jina lake

Kiswahili kina neno bembea, ambalo upande wa Tanzania husikika zaidi kama pembea. Mwanafunzi wa Kenya analijua pia kama sitiari, kutokana na tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha. Lakini bembea huenda na kurudi mahali pamoja, ilhali rolakosta husafiri. Ni mabehewa yanayopita juu ya reli iliyopinda, kupanda na kuporomoka. Kwa kawaida huvutwa kwa mnyororo hadi kileleni, kisha huachiwa yateremke kwa uzito wake yenyewe. Wapo wanaopendekeza istilahi ndefu zenye garimoshi na bembea ndani yake. Istilahi hizo ni sahihi, na hakuna mtoto atakayezitamka. Makala haya yanabaki na rolakosta, kama vile wavuvi walivyobaki na injini.

Jambo moja la kiufundi linahitaji kuelezwa, kwa kuwa hoja za kisarufi zinalitegemea. Reli ya rolakosta yenye mabehewa zaidi ya msafara mmoja hugawanywa katika vipande, na kanuni ni kwamba kipande kimoja kisiwe na misafara miwili kwa wakati mmoja. Vifaa vilivyofungwa kwenye reli hutambua msafara umepita wapi na kuiarifu kompyuta. Kompyuta isipopata habari kamili, hufunga breki. Abiria hubaki wameketi juu ya mlima wa chuma, simu za walio chini huanza kupiga picha, na jioni habari hutangazwa kwamba mtambo umeharibika.

Je, umeharibika? Hebu tungo zifuatazo zizingatiwe:

(1) Mtambo umesimama.
(2) Mtambo umekwama.
(3) Mtambo umesimamishwa.
(4) Mtambo umeharibika.

Tungo ya (1) inaeleza hali tu. Tungo ya (2) inadokeza kizuizi, jambo ambalo halikukusudiwa. Tungo ya (3) iko katika kauli ya kutendwa, na kauli hiyo huacha nafasi ya mtenda hata asipotajwa: umesimamishwa na nani? Na kompyuta, na mwendeshaji, na mkaguzi. Tungo ya (4) iko katika kauli ya kutendeka, ambayo humfungia mtenda mlango kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili husema mlango umefunguliwa na Juma. Hasemi mlango umefunguka na Juma. Katika kutendeka, jambo limejitokea.

Msafara uliozuiwa na breki zake kwa sababu kifaa kimoja kimetoa habari ya kutatanisha haukuharibika. Ulisimamishwa, na aliyeubuni alitaka iwe hivyo. Hapo pana mtambo usiotegemeka kwa kiasi fulani, kwa maana ya kwamba mteja amelipa na hakufika mwisho wa safari, lakini ulio salama. Mwandishi anayetumia (4) mahali pa (3) anawatisha wasomaji bure. Anayetumia (2) au (4) pale ambapo fundi alizembea anamwondoa fundi kwenye sentensi, na pengine kwenye kesi pia.

Uaminifu ni wa mtu

Ugumu wa pili unahusu sifa ya mtengenezaji. Wapenzi wa mitambo hii huko Ulaya na Marekani huwapanga watengenezaji kwa kutegemeka kwao: Intamin, Bolliger & Mabillard wa Uswisi, Vekoma wa Uholanzi, Mack wa Ujerumani, Zamperla wa Italia. Kampuni moja husifiwa kwa mitambo inayofanya kazi kila siku bila makuu. Nyingine husifiwa kwa kuvunja rekodi, kisha hulaumiwa kwa sababu mitambo ya rekodi husimama mara kwa mara.

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na lawama hiyo ana kishawishi cha kuandika mtengenezaji asiyeaminika. Amekosea, na kosa lake si dogo. Mtu asiyeaminika katika Kiswahili ni mwongo au mwizi. Mzizi -amini hubeba imani na dhamiri. Mwaminifu ni yule anayetunza amana. Kampuni iliyobuni winchi inayochemka kupita kiasi haikumdanganya mtu kwa kitendo hicho peke yake. Kinachostahili kuandikwa ni kwamba mitambo yake haitegemeki, au ina hitilafu za mara kwa mara. Kutegemeka ni kwa chombo na kazi yake. Uaminifu unaingia pale ambapo kampuni ilijua hitilafu ikanyamaza, na hapo neno hilo litumike bila haya.

Fundi wa mashua wa Muhuru Bay anaihisi tofauti hii pasipo kuambiwa. Mashua inaweza kuvuja na fundi wake akabaki mwaminifu, iwapo alimwambia mwenye mashua kwamba mbao hazijakauka vizuri. Inaweza pia isivuje, na fundi akawa ameficha msumari uliokosa mahali pake.

Kisa cha Sandusky

Katika mji wa Sandusky, jimbo la Ohio, nako kuna ziwa. Bustani ya burudani ya Cedar Point imejengwa ukingoni mwa Ziwa Erie, na mwaka 2003 ilifungua rolakosta iliyoitwa Top Thrill Dragster, iliyotengenezwa na Intamin. Mnara wake ulikuwa na urefu wa mita 128 hivi, na mabehewa yalirushwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa hadi kufikia takriban kilomita 193 kwa saa. Mara mojamoja msukumo haukutosha. Msafara ulikaribia kilele, ukasita, ukarudi nyuma. Breki za sumaku ziliupokea. Waliokuwa chini walishangilia. Jambo hilo lilikuwa limetarajiwa na wabunifu, kwa hiyo kusema ulirudi ni sawa na kusema ulishindwa ni kutia chumvi.

Agosti 2021 mambo yalikuwa tofauti. Kipande cha chuma kilichomoka kwenye msafara na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Uchunguzi ulifanywa na Idara ya Kilimo ya Ohio, kwani huko ukaguzi wa mitambo ya burudani uko chini ya kilimo. (Msomaji wa Kenya hana haja ya kushangaa sana: nasi mabembea makubwa huonekana kwenye maonyesho ya kilimo.) Mwaka 2022 idara hiyo ilieleza kwamba haikupata ushahidi kuwa bustani ilivunja sheria. Kipande kilichomoka: kutendeka tena. Inawezekana kabisa kauli hiyo ndiyo sahihi hapa. Lakini usahihi wake ulitokana na uchunguzi. Aliyeandika kilichomoka siku ya tukio hakuwa na msingi wa kumwondoa mtenda, kama vile aliyeandika kiliachwa kilegee hakuwa na msingi wa kumwingiza.

Mtambo haukufunguliwa tena kwa umbo lake la kwanza. Agosti 2023 Cedar Point ilitangaza kwamba utarudi kwa jina la Top Thrill 2, ukiwa na mnara wa pili na mabehewa ya Zamperla. Ulifunguliwa Mei 2024. Baada ya siku chache ukafungwa kwa sababu ya marekebisho ya mabehewa, na msimu wote uliobaki ukapita hivyo. Ulifunguliwa upya mwaka 2025.

Uvumi, tetesi, fununu

Kati ya ajali ya 2021 na tangazo la 2023, wapenzi wa rolakosta walibuni majibu kwa wingi: nani angeujenga upya, kwa nguvu gani, kwa rangi gani. Kiswahili kina utajiri kwa hali kama hiyo. Uvumi umetokana na -vuma, kitenzi cha upepo na ngoma. Ni sauti kubwa isiyo na mdomo. Tetesi inakaribiana na -teta, kusema pembeni, na magazeti ya michezo ya Tanzania yameizoesha katika tetesi za usajili wa wachezaji. Fununu ni ndogo zaidi: dalili ambayo mtu ameinusa, kama vile kuona nguzo mpya zimeshushwa uwanjani. Ubashiri hutegemea hesabu. Mwandishi mwangalifu hayachanganyi, kwa kuwa fununu ina nguzo za kuoneshwa na uvumi hauna.

Kitenzi kinachopendwa zaidi katika habari za namna hii ni inasemekana. Kikichambuliwa, ndani yake mna -sem-, kisha -ek- ya kutendeka, kisha -an-. Yaani usemi nao umejitokea; msemaji amefichwa kwa kiambishi kile kile kilichomficha fundi. Eti haifichi kitu, bali huweka wazi shaka ya anayesimulia, na kwa hiyo ina unyofu kuliko inasemekana, ingawa walimu wengi huipiga mstari mwekundu katika insha.

Kiambishi -ta- nacho kinahitaji uangalifu. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Falcon's Flight, rolakosta ya Intamin, ingejengwa Qiddiya nchini Saudia na kuwa ndefu na yenye kasi kuliko zote duniani. Aliyeandika itafunguliwa mwaka fulani alichukua mpango akaugeuza kuwa ahadi yake mwenyewe. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 2025, na mtambo wake una kimo cha mita 195. Inatarajiwa au imepangwa ingemtosha mwandishi wa 2019, nayo ingekuwa kweli hata leo. Wakati huo huo Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa ndefu kuliko zote tangu 2005 na iliyotoka kwa mtengenezaji huyo huyo, ilibomolewa kwa baruti Februari 2025. Ilibomolewa, haikubomoka: hapa kila mtu alitaka mtenda ajulikane.

Kutoka reli hadi maji

Swali la haya yote lina uzito mkubwa zaidi majini kuliko kwenye reli, kwa kuwa mwanafunzi wa Muhuru Bay hupanda mashua na hapandi rolakosta. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 walifariki. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 100. Kilipinduka, kilizama: vitenzi hivi ndivyo vilivyotumika, na havina kosa la kisarufi. Hata hivyo, idadi mbili zilizotajwa zinatosha kuonesha kwamba kabla ya kupinduka kulikuwa na kujazwa, na kujazwa ni kauli ya kutendwa. Waliokijaza wana nafasi katika sarufi. Miaka 22 kabla yake, Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya abiria, na kitenzi kilichobaki vinywani mwa watu wa ziwa zima ni hicho hicho, ilizama.

Mwalimu wa Kiswahili ziwani anaweza kulifundisha jedwali la mnyambuliko kwa mifano ambayo wanafunzi wake wameiona kwa macho. Tungo tatu zinatosha kwa kipindi kimoja:

(5) Injini imezimika katikati ya ziwa.
(6) Injini imezimwa katikati ya ziwa.
(7) Inasemekana mashua ilijazwa kupita kiasi.

Katika (5) mwanafunzi aulizwe kama mafuta yalikwisha, na kama yalikwisha, nani alipaswa kuyapima kabla ya safari. Katika (6) ataje watu wanaoweza kuizima injini, na sababu nzuri mojawapo ya kufanya hivyo: wapo manahodha wanaoizima ili nyavu zisinaswe na pangaboi. Katika (7) kazi ni mbili. Kwanza aondoe inasemekana na kuandika jina la aliyesema, au cheo chake, au mahali aliposimama alipoona. Akishindwa, aandike eti, ili msomaji ajue amesimama wapi. Kisha amtafute aliyejaza, ambaye -wa ya kutendwa imemwachia kiti kitupu baada ya kitenzi.