Vanishi Ifike Hadi Mgongoni mwa Meza ya Televisheni

Anayejitengenezea meza ya televisheni hapa Nakivubo, Kampala, kwa kawaida huanza na sura: rangi ya mbao, umbo la miguu, mng'ao wa juu. Mimi nashikilia kwamba unyevu ndio uje kwanza, maana ndio utakaoamua kama meza itabaki imenyooka. Kampala iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hupata misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mtaro wa Nakivubo huteremsha maji ya mjini hadi Ziwa Victoria. Mvua ikizidi, mtaro hufurika na maji yakaingia kwenye barabara na maduka ya bondeni. Hewa ya huku hulowa na kukauka kwa zamu, na mbao huifuata. Ubao haurefuki kiasi cha kuonekana, bali hutanuka na kusinyaa kwa upana. Uso wa mahogani wa sentimita 40 unaweza kutanuka milimita 3 au 4 ikiwa unyevu wake umepanda kwa asilimia 4. Vanishi haizuii mwendo huo, huuchelewesha tu. Ukipaka juu na kuacha chini patupu, upande mmoja utakunywa unyevu haraka kuliko mwenzake, na ubao utabinuka. Ndiyo maana kila tabaka ninalopaka juu nalipaka pia chini, mgongoni, ndani ya rafu na kwenye nyayo za miguu.

Fundi mzoefu atanipinga, na pingamizi lake ni zito: fanicha nyingi za kale za Ulaya hazikupakwa chochote chini, na bado zimenyooka. Ni kweli. Lakini nyingi kati ya hizo zilizodumu zilitengenezwa kwa mbao zilizokaushwa kwa muda mrefu, tena zikashikwa na fremu imara. Ubao unaonunuliwa leo kwenye soko la mbao la Ndeeba unaweza kuwa umetoka msumenoni majuzi, hata muuzaji akiapa kwamba ni mkavu. Kwa hiyo namkubalia fundi huyo jambo moja: kupaka pande zote hakuponyi mbao mbichi. Zipange kivulini huku vijiti vikizitenganisha ili hewa ipite, kisha upime uzito wa kipande kimoja kila wiki. Kikiacha kupungua, anza kazi. Ni kipimo kisicho na gharama, nami nakiamini kuliko neno la muuzaji.

Hata umbo linapaswa kuheshimu mwendo wa mbao. Uso wa juu usigundishwe kwenye fremu. Ushike kwa skrubu kutoka chini, zikipita kwenye matundu marefu kiasi yanayofuata upana wa ubao, upate nafasi ya kutanuka bila kupasuka. Miguu iinue sanduku sentimita 12 hadi 15 kutoka sakafuni, ili maji ya kudeki, au ya mafuriko madogo, yasifike kwenye rafu. Mgongo uachie nafasi za nyaya na hewa, kwa sababu dikoda iliyofungiwa ndani hupata joto. Kuhusu kimo, macho ya aliyekaa kwenye kochi huwa kama sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Kwa televisheni ya inchi 43, meza ya sentimita 55 hadi 60 huweka kitovu cha picha chini kidogo ya hapo, na shingo haichoki.

Wapo watakaosema MDF au chipubodi humaliza ubishi wote, kwa kuwa hazibinuki kama mbao. Nakubali kwamba hutulia kwenye chumba kikavu. Lakini kingo zake zikinywa maji huvimba, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Kwa nyumba iliyo karibu na mtaro ningechagua mvule au mahogani, na mfuko ukibana, musizi au paini iliyokauka vizuri. Anayetumia MDF azibe kingo zote kwanza, hasa za chini.

Wapo pia watakaosema kwamba kupaka pande zote ni ghali, lakini hoja hiyo haina uzito mkubwa. Upande usioonekana hauhitaji urembo: msasa namba 120 unatosha, wakati uso wa juu unapita 120, 180 kisha 240. Kinachopaswa kulingana ni idadi ya tabaka. La kwanza lizimuliwe kwa thina ili lizame, yanayofuata yawe mepesi, na kati ya tabaka na tabaka pitisha msasa laini kisha ufute vumbi. Ukitumia laka badala ya vanishi, usiipulize mvua inaponyesha, kwa sababu unyevu huiachia ukungu mweupe. Subiri siku kavu, upake kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Anza na mgongo na chini, ili uso wa juu uwe wa mwisho kuguswa.