Watoto wananiogopa

Swali: Niliendesha daladala miaka mingi, sasa nimepewa basi la shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Watoto wananiogopa, hata kuongea nami hawataki. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu dereva, watoto wa Dar wamezoea kuona wanafunzi wakizuiwa mlangoni mwa daladala kwa sababu nauli yao ni ndogo, ndiyo maana huwaogopa madereva. Woga huo hukuuleta wewe, ila unaweza kuuondoa.

Anza na majina. Muombe matroni wa basi orodha, uyashike. Mtoto akisema "Shikamoo", mgeukie umjibu: "Marahaba, Asha." Asiyesalimia, muulize wewe: "Hujambo?"

Wakigombana, usifoke huku unaendesha. Egesha mahali salama, ongea taratibu, wala usimuaibishe mtu mbele ya wenzake. Fika kituoni kwa wakati ule ule, na usiondoke kabla mtoto mdogo hajapokelewa. Mwisho wa safari kagua kiti kwa kiti; watoto husinzia.

Pipi za siri na kubaki peke yako na mtoto, hapana kabisa. Na ukiona mtoto mchangamfu amenyamaza ghafla, mwambie mwalimu wake siku hiyo hiyo.