Land Rover ya Zamani: Ikague Ndani Kabla Hujatoa Pesa

Oktoba 2024, mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha, na watu wengi walipiga picha bodi. Mnunuzi anayetafuta gari la asili afungue mlango. Bodi ni ya alumini, hubadilishwa kipande kwa kipande na kupakwa rangi upya bila shida. Ndani ndiko umri wa gari unakojionyesha.

Anza na dashibodi
Series II, iliyoanza 1958, ina dashibodi ya bati na geji ziko katikati. Series III, kuanzia 1971, ina dashibodi ya plastiki na geji zimehamia mbele ya dereva. Ukiambiwa gari ni la 1965 huku geji ziko nyuma ya usukani, jua umeletewa magari mawili ndani ya moja.

Tafuta pia kibati cha kiwandani chenye namba ya chasisi. Ilinganishe na namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, karibu na springi ya mbele kulia, kisha na kadi ya gari. Zikitofautiana, usilipe hata malipo ya awali mpaka upate maelezo.

Inua siti
Siti kushonwa upya si kosa kubwa. Miaka hamsini ya jua na vumbi hakuna ngozi ya bandia inayoistahimili. Angalia fremu, kisha inua mto. Fundi rangi mara nyingi hafiki chini yake, kwa hiyo rangi ya kwanza ya gari huenda bado ipo hapo.

Toa mkeka
Sakafu ya miguuni, chini ya ukuta unaotenganisha injini na dereva, ni ya chuma, nayo hushika kutu. Gari lililoishi upande wa mvua wa Mlima Meru, kama Usa River na Tengeru, likaguliwe hapo kwanza. Lililotumika upande mkavu wa Longido litakuwa na vumbi jembamba ndani ya geji na kwenye bawaba. Bati jipya lililochomelewa ni matengenezo, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Vitu vizeeke pamoja
Hii ndiyo kanuni kuu. Spidomita ikionyesha maili chache wakati raba za pedali zimelika na usukani umelainika kwa mikono, spidomita hiyo imetoka kwingine au imeshazunguka ikarudi sifuri. Kitu kimoja kinachong'aa katikati ya vilivyopauka kiulizwe kilikotoka.

Gari la watalii
Land Rover nyingi za hapa zilifanyiwa kazi karakana za mjini: paa la kufunguka, siti za ziada, wakati mwingine chasisi kurefushwa. Hayo si ya kiwandani, ila ni historia halali ya kazi ya safari. Muuzaji ayataje, na bei iyafuate.

Ukishanunua, piga picha kila kona kabla ya kumkabidhi fundi. Mwambie akurudishie kila anachong'oa: swichi, skrubu, hata kipande cha siti kuukuu. Kipande hicho ndicho atakachopimia rangi na mshono wa siti mpya.