SOMO LA SOKO: Nyongeza ya kahawa ya kilimo hai ina uzito gani?

Katika Kibingo na vijiji vingine vya Karagwe na Kyerwa, gunia la mahindi au maharage hupimwa kwa aina, ukavu na usafi. Kumwambia mnunuzi wa guliosokoni kwamba shamba halikutiwa mbolea ya chumvichumvi hakupandishi bei. Kahawa ni tofauti: wako wanunuzi wa ng'ambo wanaolipa zaidi kwa zao la kilimo hai, ilimradi liwe na hati ya ukaguzi.

Nyongeza hiyo ni kubwa kiasi gani? Masharti ya Fairtrade, mfumo ambao Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU) kimepata kuuzia kahawa yake, yanatoa mfano mzuri. Mwezi Agosti 2023 bei ya chini ya robusta iliwekwa dola 1.20 kwa ratili, na nyongeza ya kilimo hai senti 40. Kwa tani moja ya kahawa safi, hiyo ni dola 2,645 na nyongeza ya dola 882, yaani theluthi moja.

Lakini nyongeza ni kiasi maalumu. Haipandi pamoja na soko. Mapema mwaka 2025 robusta ilipita dola 5,500 kwa tani katika soko la London. Kwa bei hiyo, dola 882 ni kama asilimia 16 tu. Mwaka 2001, ambapo robusta ilishuka chini ya dola 500, kiasi kama hicho kingezidi bei yenyewe. Kwa hiyo faida ya hati huonekana zaidi soko linapoanguka.

Hesabu ya pili ni ya maganda. Kilo mbili za maganda hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi. Nyongeza ya senti 88 kwa kilo safi hubaki senti 44 kwa kilo ya maganda, tena kabla ya kutoa gharama za kukoboa, usafiri na ukaguzi.

Muda nao ni mtaji. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka shamba la mibuni lifuate kilimo hai miaka mitatu kabla ya mavuno kuuzwa kwa jina hilo. Sheria iliyoanza kutumika 2022 inataka kila kikundi cha wakulima kisajiliwe kisheria na kisizidi wanachama 2,000.

Hapo ndipo butura inapoumiza. Mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado mtini hupokea bei ya shida, na mzigo wake ukichanganywa na mwingine hupoteza haki ya hati.

Kabla ya kuweka fedha, mwekezaji aulize mambo matatu: hati ni ya nani, mnunuzi ameahidi kiasi gani kwa maandishi, na kiasi gani kitamfikia mkulima. Asipojibiwa, ahesabu bei ya kahawa ya kawaida.