Viza ya Mwenza Imekataliwa? Anza na Cheti cha Ndoa

Barua ya kukataliwa viza ya mwenza huja na kurasa kadhaa za Kiingereza, na wengi wanaoipokea husoma mstari mmoja tu, ule unaosema ombi limekataliwa. Kurasa zilizobaki zinakunjwa na kuwekwa kabatini, na ndizo zenye haki yako: sababu moja baada ya nyingine, na muda ulionao wa kukata rufaa.

Tuchukue mke aliyeko Chitete, mkoani Songwe hapa Tanzania, na mume anayefanya kazi Uingereza. Mwombaji aliye nje ya nchi hiyo ana siku 28 tangu apokee uamuzi kukata rufaa kwenye baraza la uhamiaji, na hoja yake kuu ni haki ya maisha ya familia, inayolindwa na Sheria ya Haki za Binadamu ya Uingereza ya mwaka 1998. Siku hizo hazingoji mpunga uuzwe. Ukipokea barua leo, andika tarehe juu ya bahasha leo.

Sasa sababu zenyewe. Kwa mazingira yetu, inayouma kuliko zote ni pale ofisa anapoandika kwamba hajaridhika kuwa ndoa ni halali au ni ya kweli. Mahari ilipokelewa, wazee wa pande zote mbili walikaa, kijiji kizima kilikula na kucheza. Ukoo unaijua ndoa, lakini hakuna ofisi inayoijua. Hapa sheria yetu iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, ya msikitini au ya bomani, na kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikukamilika, wala kwa sababu haikusajiliwa. Uingereza nayo, kwa kawaida, huitambua ndoa iliyo halali kwa sheria za nchi ilikofungwa.

Hata hivyo ofisa aliye mbali hawezi kuwahoji wazee wako. Sheria hiyohiyo inawataka waliooana kimila waombe usajili ndani ya siku 30. Kama mmechelewa, hata kwa miaka, nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize utaratibu wa kusajili ndoa ya zamani. Kumbukumbu za ndoa zinaishia kwa Msajili Mkuu aliye chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Nendeni na mashahidi waliokuwepo, barua ya mtendaji wa kijiji na picha za siku ile. Barua ya Kiswahili itahitaji tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. Na kama cheti kinachelewa, kumbukeni kwamba kanuni za Uingereza zinawapokea pia wenza wasio na ndoa ambao uhusiano wao unaofanana na ndoa umedumu angalau miaka 2.

Ukweli wa uhusiano unathibitishwa kwa vitu vidogo vya kila siku. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha fedha ya ada ya mtoto, risiti ya fedha iliyotumwa kutoka ng'ambo, muhuri kwenye pasipoti wa likizo mume alipokuja nyumbani, mazungumzo ya simu ya miezi mingi. Msivifute. Nimesikitika mara nyingi kuona watu wanabadilisha simu na kuacha ushahidi wote kwenye ile ya zamani.

Sababu nyingine ni kipato. Tangu Aprili 11, 2024 mdhamini anayeanza ombi jipya anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, au akiba ya pauni 88,500 kama anategemea akiba peke yake. Mara nyingi fedha ipo, kinachokosekana ni karatasi: salari slipu ya mwezi mmoja, au mshahara usioonekana kwenye taarifa ya benki. Kuna pia cheti cha mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, na umri: wote wawili wawe wametimiza miaka 18, hata kama sheria yetu ya ndoa ilimruhusu binti kuolewa mapema zaidi.

Kama kilichokosekana ni karatasi tu, kuomba upya huenda kukawa njia fupi. Kama ofisa amekosea sheria au hajaamini ndoa yenu, rufaa ndiyo njia, na baraza linaweza kupokea ushahidi mpya. Chochote mtakachochagua, msidanganye. Karatasi ya kughushi inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na kukataliwa kwa zamani lazima kutajwe kwenye ombi jipya.

Ndiyo maana mshauri ni muhimu, na ndiyo maana vishoka wanaoahidi "viza ya uhakika" wananikasirisha. Nchini Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Mume aliyeko kule aombe jina kamili la mshauri, kisha alitafute bure kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayowasajili washauri hao, au ya mawakili. Mshauri wa mamlaka hiyo anayesimama mbele ya baraza awe wa ngazi ya 3. Mshauri wa kweli ataomba kwanza kuiona barua ya kukataliwa, ataijibu hoja kwa hoja, na atawapa mkataba na risiti.

Mwenza akiwa Kanada au Australia, kwa aliyeombewa viza akiwa nje, rufaa hukatwa na mdhamini. Kanada humpa siku 30. Australia hupeleka shauri kwenye Administrative Review Tribunal, iliyoanza Oktoba 2024.

Kwa upande wa huku, Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada wao ni bure. Hawawezi kukuwakilisha Uingereza, lakini wanaweza kukusomea barua, kuhesabu siku zilizobaki na kukusindikiza kusajili ndoa. Waulizie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hapo hapo Chitete.