Kazi Zisizokatika kwenye Seva na Istilahi ya Batli

Makala haya yanaeleza jinsi kazi iliyoanzishwa kwenye seva ya mbali inavyoweza kuendelea na kurekodiwa baada ya mtumiaji kujitenga nayo. Aidha, yanapendekeza istilahi mwafaka ya rekodi hiyo.

Ichukuliwe kuwa mtafiti wa isimu-kongoo ameiagiza seva ya chuo kuhesabu marudio ya maneno katika matini za Kiswahili, kazi ya saa 10. Mtandao ukikatika baada ya saa 9, seva yenyewe haizimiki. Hata hivyo, kazi hufa na matokeo ambayo hayajahifadhiwa hupotea.

Sababu yake ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1970, watumiaji wa Unix waliweza kuifikia tarakilishi kwa laini ya simu. Simu ilipokatwa, mfumo uliiarifu michakato ya mtumiaji huyo kwa ishara nambari 1, iitwayo SIGHUP. Mchakato usio na agizo tofauti hukoma uipokeapo ishara hiyo. Linux imeirithi kanuni hii.

Suluhisho ni amri ifuatayo:

nohup ./hesabu > batli.txt 2>&1 &

Neno nohup huufanya mchakato uipuuze ishara ya kukatika. Alama > huelekeza matokeo kwenye faili, 2>&1 huongeza humo taarifa za makosa, nayo & huipeleka kazi chinichini. Mtafiti arejeapo, amri tail -f batli.txt humwonyesha kazi ilipofikia. Anayehitaji kukirudia kiwambo kilekile alichokiacha hana budi kutumia programu kama screen ya 1987 au tmux ya 2007.

Hapa ndipo suala la istilahi linapoibuka. Rekodi ya namna hii huitwa kumbukumbu, neno ambalo pia hutaja sehemu ya tarakilishi inayohifadhi data kwa muda. Dhana hizi zinakinzana: ya pili hufutika umeme unapokatika, ilhali ya kwanza hubaki diskini. Mabaharia wana neno batli, yaani rekodi ya mwendo wa chombo safarini. Neno hili linafaa zaidi, kwani batli huandikwa chombo kikiwa mbali, na aliye pwani huisoma baadaye akajua yaliyotokea. Hivyo basi, kabla ya kukopa neno jipya, mwanaistilahi hana budi kuichunguza kwanza hazina ya lugha yake.