Maneno ya Kijapani ya Maada na Chembe: Somo kwa Watumiaji wa Maji ya Meru

Wahudumu wa afya wanaofanya kazi kwenye miteremko ya Mlima Meru hulifahamu vyema swali hili la wazazi: "Daktari, maji nayachemsha kila siku, mbona meno ya mtoto yanageuka kahawia?" Jibu limo katika tofauti kati ya vitu vitatu vidogo ambavyo katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kuviita kwa jina moja: uchafu. Somo hili linatumia msamiati wa kisayansi wa Kijapani kuvipambanua vitu hivyo. Kijapani kinafaa kwa kazi hiyo kwa sababu maneno yake mengi ya maada yameungwa kwa sehemu ndogo zenye maana. Anayezijua sehemu hizo huweza kukisia maana ya neno zima.

Tabibu aliyeunda maneno

Udagawa Yōan (1798–1846) alikuwa tabibu wa Kijapani aliyesoma sayansi ya Ulaya kupitia vitabu vya Kiholanzi. Kuanzia mwaka 1837 alitoa kitabu cha kemia kiitwacho Seimi Kaisō. Lugha yake haikuwa na maneno ya elimu hiyo, akayaunda. Elementi aliiita genso: gen ni chanzo, na so ni kiini. Kwa mtindo huohuo hidrojeni ikawa suiso, kiini cha maji. Oksijeni ikawa sanso, kiini cha asidi. Na kaboni ikawa tanso, kiini cha makaa. Florini, ambayo ndiyo kiini cha somo letu, leo huitwa fusso. Silabi ya kwanza imetokana na sauti ya jina la kigeni, lakini so ya mwisho inamwambia msomaji kwamba anayezungumziwa ni mmoja wa jamii ya elementi.

Mtoto wa kitu

Maada kwa Kijapani ni busshitsu. Vijenzi vyake vidogo vina majina yanayoishia kwa shi: genshi ni atomu, bunshi ni molekuli, na ryūshi ni chembe. Shi hiyo huandikwa kwa alama 子, ambayo maana yake ya kwanza ni mtoto. Mswahili hatashangaa, kwani naye huiita droo mtoto wa meza, na ukungu unaoziba mboni huuita mtoto wa jicho. Ryū ni punje, kwa hiyo ryūshi ni kijipunje. Bun ni kugawa: molekuli ni kipande kidogo kabisa ambacho dutu hugawanyika bila kupoteza tabia yake. Gen, hapa pia, ni chanzo.

Mwanafunzi atahadhari na maneno yanayofanana kwa sauti. Meno yenye mabaka huitwa hanjōshi, lakini shi ya neno hilo huandikwa 歯, nayo ni jino. Han ni baka, na jō ni hali.

Si kila neno liliundwa upya. Ioni, yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme, Wajapani huiita ion, kwa kukopa kama tulivyokopa sisi. Tofauti hii ni muhimu: fusso katika umbo lake la elementi ni gesi yenye sumu kali, ilhali kilichomo majini ni ioni ya floraidi, ambayo wanakemia wa Kijapani huiita fukkabutsu ion.

Vitu vitatu katika ndoo moja

Sasa tuchukue ndoo ya maji na kuyatumia maneno tuliyojifunza.

Cha kwanza ni ryūshi: chembe za tope na vumbi. Hizi huelea, na maji yakitulia huanza kutua chini. Kitambaa safi huzipunguza.

Cha pili ni saikin, yaani bakteria. Sai ni ndogo mno. Kin ni kuvu au kijidudu. Bakteria ni kiumbe hai chenye urefu wa takriban mikromita moja, na wengi wao hupenya kwenye kitambaa. Kwa kuwa wana uhai, moto huwaua, na klorini huwaua.

Cha tatu ni ion ya floraidi. Bakteria mmoja ana urefu unaozidi upana wa ioni hiyo zaidi ya mara elfu tatu. Haielei, haitui, haina rangi, haina uhai wa kuuawa. Maji yakichemka, mvuke hupaa na floraidi hubaki sufuriani. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo inavyozidi kukolea. Hapo ndipo lilipo jibu la mzazi yule. Kuchemsha kumemkinga mtoto wake na kuhara, na asiache kuchemsha. Lakini kazi ya kuondoa floraidi inahitaji njia nyingine.

Floraidi ya Meru hutoka katika miamba ya volkano ambayo maji huipitia chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Japani imeweka 0.8. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo vinavyofaa, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4. Baadhi ya vyanzo vya ukanda wa Maji ya Chai na Ngare Nanyuki hupita hata kiwango hicho. Rangi na ladha ya maji si kipimo. Kipimo ni cha maabara.

Kuondoa ioni kunahitaji kitu kinachoivuta. Madini ya mfupa na jino huivuta floraidi, na ndiyo sababu ikizidi huharibu meno ya mtoto yanapoundwa na, baada ya miaka mingi, hukaza viungo na kupinda mifupa. Mvuto huohuo umegeuzwa kuwa kinga: kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuza matumizi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Mkaa huo huchoka, hivyo hubadilishwa kwa wakati.

Ya kufuata nyumbani na kliniki

Kwa mhudumu: usiseme tu "maji si salama". Taja kama tatizo ni chembe, ni bakteria au ni ioni, kisha taja dawa ya kila moja. Mweleze mzazi kwamba meno ya kahawia hayaambukizi wala hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki, mtoto asichekwe.

Kwa mzazi: miaka minane ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa meno ya mbele. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Basi mtoto anyonye maziwa pekee kwa miezi sita. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi yatengwe kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto, nayo yachemshwe. Magadi ya kulainishia maharage na makande huweza kubeba floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

Maswali ya kujipima

1. Neno tanso linaishia kwa so. Je, linataja elementi au chembe?
2. Maji meupe yaliyochujwa na kuchemshwa yameondolewa kipi kati ya ryūshi, saikin na ion? Kipi kimebaki?
3. Mweleze jirani, kwa Kiswahili chepesi, kwa nini moto humuua bakteria lakini hauiondoi floraidi. Akikuelewa, somo umelihitimu.